Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, anza kutazama juu

Swali la msomaji:

"Nina cherehani nyeusi ya kukanyaga niliyoachiwa na shangazi yangu hapa Bombo, Uganda. Ninashona sare za shule, na mara moja moja napata oda ya gomesi, lile vazi refu la asili la wanawake wa Uganda. Tangu mwezi uliopita, nikianza tu kushona, uzi unajikusanya fundo chini ya kitambaa, mashine inakwama, na wakati mwingine uzi unakatika. Kwenye kitenge inajikongoja, lakini kwenye satini inaruka mishono. Nimenunua bobini mpya, nimekaza skrubu ya kikasha cha bobini hadi mwisho, na kwa kuwa mafuta ya cherehani yalikuwa yameisha nikaweka ya kupikia. Hakuna kilichosaidia. Fundi mmoja ameitazama akasema majira ya mashine yamepotea, yaani sindano haikutani tena na shato kwa wakati wake, na kwamba shato yenyewe, kile chuma kinachoukamata uzi huko chini, imekwisha, anataka shilingi 150,000 abadilishe. Jirani naye ananishauri niiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nichukue ya umeme iliyotumika, zile zinazotoka Japani. Muhula unakaribia na sare zinasubiriwa. Nifanye nini?"

Jibu:

Pole na kazi, dada yangu, na pole kwa kuhangaishwa na mashine wakati muhula uko mlangoni. Nikuambie mapema: usiiuze cherehani hiyo, na usimlipe mtu 150,000 kwanza. Dalili ulizoziandika, yaani fundo linalojitokeza tangu mshono wa kwanza na satini kurukwa huku kitenge kikipita, mara nyingi huisha kwa sindano mpya, chupa ndogo ya mafuta yanayofaa na nusu siku ya uvumilivu. Inawezekana fundi wako yuko sahihi, na hapa chini nitakuonyesha namna ya kumhakiki kwa macho yako mwenyewe. Lakini shato hushukiwa mwisho, baada ya vingine vyote kupimwa.

Karibu kila mshonaji akiona fundo chini ya kitambaa hukimbilia bobini, kwa sababu bobini ndiyo iliyo chini. Wewe pia umefanya hivyo: umebadilisha bobini, umekaza skrubu. Sasa fanya jaribio moja. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini. Kunja kipande cha kitenge mara mbili, shona urefu wa kidole, kisha kigeuze na ulitazame fundo kwenye mwanga. Karibu kwa hakika litakuwa jekundu. Uzi wa bobini utauona umelala kimya katikati, na mizunguko ya uzi wa juu imelundikana kuuzunguka. Uzi uliozidi ni wa juu, na sababu yake iko huko juu.

Ili uelewe kwa nini, fungua kibamba cha pembeni ya sindano, zungusha gurudumu la mkono polepole kuelekea kwako, na utazame. Sindano inashuka na uzi hadi chini kabisa. Inapoanza kupanda, kama milimita mbili tu, uzi wa upande mmoja unabanwa na kitambaa, unalegea, na unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu la sindano. Hapo ndipo ncha ya shato, kile chuma chenye umbo la mwezi mchanga kinachokizunguka kikasha, inapoingia kwenye kitanzi, inakikamata, inakipanua na kukizungusha bobini nzima. Bobini imeshapitishwa ndani ya kitanzi, na nyuzi mbili zimekumbatiana. Kilichobaki ni kukirudisha kitanzi hicho juu kiwe mshono. Kazi hiyo haifanywi na kitu chochote cha chini. Inafanywa na ule mkono wa chuma wenye tundu unaopanda na kushuka mbele ya mashine.

Mkono huo unapopanda unavuta uzi, na uzi una pande mbili za kutoka: chini, kwenye kitanzi, au nyuma, kwenye kidonge cha uzi. Sahani mbili za tensheni, yaani za kuubana uzi wa juu, ndizo zinazoukatalia usitoke upande wa kidonge. Zikiubana sawasawa, mkono hauna budi kuvuta kitanzi cha chini hadi kikaze. Uzi usipokuwa ndani ya sahani, mkono unachukua uzi mpya kutoka kwenye kidonge kwa sababu ndiko kwepesi, na kitanzi kinabaki chini. Mshono unaofuata kitanzi kingine, na kingine, na kabla hujamaliza inchi moja una fundo la kukwamisha mashine. Utaratibu huu wa nyuzi mbili na sindano yenye tundu kwenye ncha ndio Elias Howe aliusajili Marekani mwaka 1846, na mpaka leo cherehani za nyumbani karibu zote zinaufuata. Ukiuelewa mara moja, hakuna cherehani itakayokutisha.

Kwa hiyo anza kwa kutoa uzi wote wa juu na kuutia upya. Inua mguu wa kukandamizia kitambaa kwanza. Hili si jambo la mazoea tu: mguu ukiinuliwa, sahani za tensheni zinaachana na uzi unaingia katikati yake, mguu ukiwa chini, sahani zimefungwa na uzi unakaa juu yake bila kubanwa, ingawa kwa jicho unaonekana umepita njia yake. Ukishautia hadi kwenye ule mkono wa chuma, na kabla ya kuuingiza kwenye sindano, shusha mguu uuvute kwa vidole. Unapaswa kuhisi unakataa kidogo. Inua mguu uvute tena: uteleze bure. Usipohisi tofauti yoyote kati ya hali hizo mbili, pitisha ukingo wa kitambaa cha pamba katikati ya sahani, mguu ukiwa juu. Mara nyingi hutoka kipande cha uzi kilichokatika zamani au vumbi jekundu lililoshikamana na mafuta, na hicho kilikuwa kinazizuia sahani zisifungane.

Kuna tabia tatu za kuanzia kushona ambazo kwa mashine ya kukanyaga zina uzito mkubwa. Mkono wa uzi uwe umefika juu kabisa kabla hujaanza na unapomaliza. Ncha za nyuzi zote mbili zivutwe nyuma ya mguu, urefu wa kidole hivi, na uzishikilie kwa mishono mitatu ya kwanza. Na gurudumu lianzishwe kwa mkono kuelekea kwako kabla miguu haijaanza kukanyaga. Kanyagio likianza vibaya, gurudumu hurudi kinyume, hata nusu mzunguko tu, na shato hurudi nyuma ikiburuta uzi. Kwa mashine ya kukanyaga hii peke yake inatosha kuleta fundo na kukata uzi kila unapoanza. Kama siku hizi kuna mtoto au mwanafunzi anayekusaidia kukanyaga, mtazame anavyoanza.

Sasa tuje kwenye sindano, maana hapo ndipo satini inapopata jibu lake. Umesema kitenge kinapita na satini inarukwa. Kama majira ya mashine yangekuwa yamepotea kweli, kitenge nacho kingerukwa. Kinachotofautisha vitambaa hivi viwili ni namna sindano inavyopenya. Pamba ya kitenge inafunguka kirahisi. Satini ya polista imefumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongamana na zinazoteleza, na sindano butu haiipenyi vizuri bali inaisukuma chini. Inapopanda, kitambaa kinapanda nayo badala ya kubaki kwenye bamba. Kitambaa kikipanda pamoja na uzi, kile kitanzi cha milimita mbili hakitokei. Ncha ya shato inapita mahali patupu, na mshono umerukwa. Shato haina kosa lolote.

Itoe sindano uliyonayo uipitishe ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiacha mkwaruzo, itupe, na hata isipoacha, kwa oda ya satini weka mpya. Namba zilizoandikwa kwenye pakiti ni unene: 80 ni milimita 0.80, 90 ni milimita 0.90. Pakiti nyingi huonyesha mifumo miwili, kwa mfano 80/12 au 90/14. Kwa satini ya gomesi tumia 70/10 au 75/11. Kitenge na mashati ya sare, 80/12. Sketi na kaptura za tetroni nzito, 90/14. Jinzi, 100/16. Vitambaa vinavyovutika kama fulana za michezo vinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo, maana ile ya kawaida hukata nyuzi zake badala ya kupita katikati.

Angalia pia kwamba umepewa aina inayostahili. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina shingo nene ya milimita 2 hivi, na upande mmoja wa shingo hiyo ni bapa. Sindano nyingi za mashine za kiwandani zina shingo ya mviringo pande zote na nyembamba zaidi, na tundu lake halifiki chini kiasi kile kile. Kwa wauzaji wa vifaa vya ushonaji hukaa meza moja, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Ukiifunga ya kiwandani kwenye mashine yako, itaingia na skrubu itaikaza, lakini shato haitakutana na uzi mahali pake.

Ukiitazama sindano utaona mfereji mrefu upande mmoja na, upande wa pili, juu kidogo ya tundu, palipochongwa kidogo. Uzi unaingia kutoka upande wa mfereji mrefu na kutokea upande wa ubapa, na palipochongwa ndipo ncha ya shato inapopita. Sindano ikigeuzwa, mashine itaruka mishono au haitashona kabisa. Isukume hadi juu kabisa kabla ya kukaza. Ikining'inia milimita moja chini ya mahali pake, utapata dalili zile zile ambazo mtu ataziita majira kupotea.

Turudi kwenye skrubu uliyoikaza. Uzi wa chini uliobanwa mno hukatika, hukunja satini iwe na mikunjo kwenye mshono, na hukuongopea unapojaribu kupima tensheni ya juu, kwa hiyo lazima uirudishe. Fanya kazi hii juu ya sahani nyeupe, maana skrubu hiyo ni ndogo mno na ikianguka kwenye mkeka umeipoteza. Kikasha kina skrubu mbili: ya karibu na katikati ya springi ndiyo ya kurekebisha, ya mwishoni inashikilia springi tu, usiiguse. Tia bobini iliyojaa ndani ya kikasha, pitisha uzi chini ya springi, kisha kiinue kikasha kwa uzi huo kikining'inia hewani juu ya kiganja. Kikishuka chenyewe moja kwa moja, pamelegea. Kikining'inia bila kutikisika hata ukiutingisha mkono, pamekaza. Unataka kikae kimetulia, na ukikitingisha kidogo kiteremke sentimita chache kisha kisimame. Geuza skrubu robo mzunguko, pima, geuza tena. Ukishapata hapo, iache kabisa. Marekebisho ya kila siku, ya kubadilisha kitambaa na uzi, yafanyike kwenye tensheni ya juu peke yake.

Rudia jaribio la nyuzi mbili za rangi. Mwekundu ukionekana chini kama vitanzi, kaza juu kidogo. Vidoa vyeupe vikionekana juu, legeza. Mshono ulio sawa unafungia katikati ya unene wa vitambaa, na kila upande unaona rangi yake tu. Kagua pia bobini mpya uliyonunua, kwa sababu za bei ya chini mara nyingi huwa na kingo zilizopinda, na za mashine za kiwandani zinafanana kwa upana lakini ni fupi, zinacheza ndani ya kikasha. Linganisha na ile ya shangazi yako, ndiyo kipimo.

Mafuta ya kupikia nimeyaweka mahali pake peke yake kwa sababu ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Mafuta ya cherehani ni mafuta mepesi ya madini, hayagandi. Ya kupikia yakikaa kwenye chuma na kukutana na hewa hubadilika: yanakuwa mazito, kisha yananata, na mwisho yanakuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia, ule ule unaouona kwenye kingo za karai la kukaangia lisilosuguliwa. Ndani ya mashine utando huo unabana kila kiungo, na mwanzoni hutauona kwa jicho, utausikia miguuni: kanyagio linakuwa zito, hasa asubuhi. Mafuta ya injini nayo yaache, ni mazito mno kwa viungo hivi vidogo.

Yaliyoingia unaweza kuyatoa. Nunua mafuta ya taa kidogo, fanya kazi nje, mbali na sigiri na watoto. Vua mkanda wa ngozi kwenye gurudumu ili kichwa kizunguke chenyewe. Tia tone moja moja la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinasuguana na chuma, juu na chini ya mashine, kisha zungusha gurudumu kwa mkono dakika kadhaa. Majimaji ya kahawia yatatoka. Yafute kwa kitambaa, rudia hadi yatoke masafi. Acha yakauke, halafu tia mafuta halisi ya cherehani, tone moja kila sehemu, na zungusha tena. Usiruke hatua hii ya mwisho, kwa sababu mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalindi, na chuma kilichoachwa hivyo huota kutu haraka. Mwili mweusi wenye maua ya dhahabu ufute kwa kitambaa kikavu au chenye tone la mafuta ya cherehani. Usitumie spiriti, maana kwenye mashine za zamani inayeyusha vanishi inayoyalinda maua yale.

Ukiwa hapo, safisha makazi ya shato. Kama bobini yako ni ya mviringo mfupi, inaingia kutoka kushoto ndani ya kikasha cha chuma chenye kidole kinachoelekea juu, basi fuata hivi: sindano juu kabisa, toa kikasha, fungua vishikio viwili vinavyoshika pete ya nje, toa pete, na shato itatoka mkononi mwako. Tazama jinsi ilivyokaa kabla ya kuitoa, au piga picha kwa simu. Kwenye njia inamopita utakuta unga wa pamba uliokandamana, na kwa mashine iliyokwama mara kadhaa kama yako karibu kila mara kuna kipande cha uzi kimejisokota nyuma. Kitoe kwa koleo dogo la nyusi au sindano ya mkono, usitumie bisibisi. Pangusa kote, tone moja la mafuta kwenye njia hiyo, rudisha.

Na sasa, shato ikiwa bado iko nje, unaweza kumhakiki fundi. Pitisha ncha yake juu ya soksi nyembamba ya nailoni. Ikiwa kali na laini itateleza. Ikikwama na kuvuta nyuzi, ina jeraha, pengine kutokana na sindano iliyovunjika. Ikiwa imevunjika ncha au imekuwa butu kabisa, hapo shato inahitaji kubadilishwa kweli. Baada ya kuirudisha, ukiwa na sindano mpya iliyosukumwa hadi juu, zungusha gurudumu polepole mpaka sindano ifike chini, kisha ianze kupanda. Ikishapanda kama milimita mbili, ncha ya shato inapaswa kuwa imefika kwenye sindano, juu kidogo ya tundu, karibu sana nayo bila kuigonga. Ukiliona hilo, majira yako hayana tatizo. Ncha ikipita chini ya tundu, au sindano ikiwa tayari imeshapanda mbali, kuna kitu kimesogea. Kwenye mashine hizi nyeusi majira hayapotei yenyewe kwa kushona tu. Husogea mashine ikigongwa vibaya, au mtu akilegeza skrubu isiyotakiwa, na kinachosogea zaidi ni nguzo inayoshika sindano. Kuirudisha nguzo mahali pake ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mzoefu na haihitaji kipuri chochote.

Jirani yako anakutakia mema, lakini ushauri wake uupime. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu Uganda ni 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la kule, ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, mota yake huungua, pengine siku ile ile. Geuza mashine usome bamba lake kabla ya kutoa pesa: likisema 100V, ongeza bei ya transfoma kwenye hesabu yako. Nyingi za karibuni zina gia za plastiki ndani, na kwa mashono ya sare yenye mikunjo minne ya tetroni kwenye kiuno, gia hizo huchoka. Zina faida zake pia, nisizifiche: zinashona zigizaga, zinatoboa matundu ya vifungo, na kwa satini nyepesi ni laini sana. Kama ungekuwa unashona magauni peke yake, ningefikiria vingine. Lakini umeme ukikatika jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule, yako ndiyo itakayoendelea kushona.

Ukitaka wepesi, unaweza kuifunga yako mota ndogo ya volti 240 yenye kanyagio lake, na ukabaki na mkanda wa miguu kwa siku za giza. Mashine ya kiwandani nayo ni kitu kingine: inaweza kufika mishono 4,000 na zaidi kwa dakika, lakini inashona mshono wa moja kwa moja tu, inahitaji meza yake, na mota yake ya zamani inavuta wati kama 400. Subiri hadi oda ziwe za mwaka mzima, si za mwanzo wa muhula peke yake.

Kwa gomesi yenyewe, nikuongezee jambo dogo. Satini ikiendelea kuvuta mikunjo hata baada ya sindano mpya, weka karatasi nyeupe nyembamba chini ya kitambaa, shona pamoja nayo, kisha ichane taratibu. Usitumie gazeti, wino wake huhamia kwenye kitambaa. Na usivute kitambaa kwa nyuma ukidhani unaisaidia mashine, kwa kuwa sindano inapinda, inagonga bamba, na ncha yake inakufa hapo hapo.

Baada ya haya yote, ipangie matunzo mepesi. Ukishona kila siku, toa unga wa pamba kwenye makazi ya shato kila jioni na tia mafuta mara moja kwa wiki, kisha shona kitambaa kibovu kidogo ili tone lililozidi lisiichafue sare ya mtu. Ifunike usiku kwa shuka zito, kwa sababu ya vumbi na pia kwa sababu panya hupenda mkanda wa ngozi. Mkanda ukilegea na kuanza kuteleza, kata kipande kidogo uunge tena kwa kibanio chake. Usiukaze kupita kiasi, utakuchosha magoti bure.

Kuna hali ambazo sitaki ujaribu peke yako. Gurudumu likigoma kuzunguka hata baada ya mafuta ya taa kukaa usiku mzima, acha. Sindano ya aina inayostahili, mpya, ikigonga chuma kila mzunguko, acha. Siku utakapofunga mota, ikikupiga shoti au ikitoa harufu ya kuungua, chomoa kwenye ukuta na usiiguse tena hadi fundi wa umeme aione. Na kama sindano itakupenya kidole, ikavunjika na huna uhakika kama vipande vyote vimetoka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usichokonoe. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ikibidi fundi, mpelekee kichwa peke yake. Kinafunguka mezani kwa skrubu mbili za kwenye bawaba. Toa sindano, kifunge blanketi kabla ya kukipakia kwenye boda boda, na kikasha cha bobini na shato viweke kwenye mkoba wako, kwa sababu ndivyo vinavyobadilishwa bila mwenyewe kujua. Chukua satini yako, tetroni yako na uzi wako. Mwambie dalili, usimwambie ugonjwa. Ukiambiwa shato imekwisha, omba akuonyeshe ncha yake, na ikibadilishwa, ya zamani uondoke nayo. Kisha kaa kwenye benchi lake mpaka ashone mbele yako, juu nyekundu na chini nyeupe, kwenye satini uliyomletea, kabla hujatoa pesa.